Namba 3,305,484 hatua kwa hatua: mwongozo kamili wa kuichambua namba kubwa na kuiweka katika makundi yake

Kwa muhula mzima nimekuwa nikisahihisha zoezi moja ambalo wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Mwanza hulirudia na kulikosea kwa namna zilezile. Zoezi lenyewe ni fupi: chukua namba 3,305,484, taja vigawo vyake tasa, hesabu vigawo vyake vyote, kisha useme ni namba ya aina gani. Wapo wanaosimama katikati ya njia wakidhani kwamba 13,117 ni namba tasa. Wapo wanaoshikilia kwamba namba hiyo inagawanyika kwa 27 kwa sababu jumla ya tarakimu zake ni 27. Wapo pia wanaojumlisha mahali pa kuzidisha, wakatangaza kwamba ina vigawo 12 ilhali inavyo 72.

Makosa hayo matatu yana mzizi mmoja, nao ni haraka ya kutafuta jina la namba kabla ya kuivunja mpaka mwisho. Namba ikishavunjwa yote, karibu kila sifa yake husomwa kwenye vipeo vya vigawo vyake tasa kwa hesabu ya mistari miwili au mitatu. Kwa hiyo hatua nne za kwanza za mwongozo huu ndizo zenye kazi, na msomaji anayejijua kuwa na haraka azisome mara mbili.

Vifaa vinavyohitajika

Andaa daftari la hesabu lenye miraba, ili tarakimu zikae katika nafasi zake, pamoja na penseli na kifutio. Kalamu ya wino isubiri jibu la mwisho.

Kikokotoo cha kawaida kinatosha, hata kile cha kwenye simu, ila kiwe cha kuhakikishia na si cha kufikiria kwa niaba yako. Vikokotoo vingi vidogo vya dukani huonyesha tarakimu 8 tu. Jibu kubwa kuliko yote katika kazi hii lina tarakimu 8 kamili, kwa hiyo litaenea, lakini ukichagua namba yako mwenyewe iliyo kubwa zaidi, kikokotoo kinaweza kukupa alama ya kosa au jibu lililokatwa bila wewe kugundua.

Mwisho, andika pembeni mwa ukurasa namba tasa zote zilizo chini ya 50: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43 na 47. Ziko 15. Usiiweke 1, kwa maana namba tasa ina vigawo viwili hasa, yaani 1 na yenyewe, na 1 ina kigawo kimoja tu.

Neno kuhusu majina

Shufwa, witiri, tasa, kigawo, kigawe na kipeo ni maneno ambayo kila aliyemaliza darasa la saba ameshakutana nayo. Anapoingia kidato cha kwanza lugha ya somo hubadilika, na nimeona wengi wakianza upya kana kwamba hesabu yenyewe imebadilika. Ninachowashauri ni kuandika majina ya lugha zote mbili kwenye jalada la ndani la daftari, kisha waendelee na kazi.

Kwa makundi matatu yasiyo na jina lililozoeleka shuleni, nitatumia namba pungufu, namba kamilifu na namba zidifu. Namba kamilifu isichanganywe na namba kamili za shuleni, ambazo ni namba zisizo na sehemu, hasi na chanya pamoja na sifuri.

Hatua ya 1: Isome namba kabla ya kuigusa

Andika 3,305,484 juu ya ukurasa na utazame mkia wake. Tarakimu ya mwisho ni 4, kwa hiyo namba ni shufwa, haigawanyiki kwa 5, wala kwa 10. Tarakimu mbili za mwisho ni 84, nayo 84 inagawanyika kwa 4, kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 4, kwa sababu 100 na kila kigawe chake hugawanyika kwa 4 na kinachobaki kuamua ni mkia tu. Tarakimu tatu za mwisho ni 484, nayo ukiigawa kwa 8 inabaki 4, kwa hiyo 8 haimo.

Kisha kadiria kipeuo cha pili. 1,818 mara 1,818 ni 3,305,124, na 1,819 mara 1,819 ni 3,308,761. Namba yetu iko kati ya hizo mbili, kwa hiyo si mraba wa namba yoyote nzima. Andika 1,818 pembeni, tutaihitaji katika hatua ya 6.

Umefaulu ikiwa, kabla ya kugawanya chochote, unajua tayari kwamba kipeo cha 2 ni 2 hasa: si 1, si 3.

Hatua ya 2: Ondoa 2 zote, kisha 3 zote

Anza na namba tasa ndogo kuliko zote na usiihame mpaka igome:

3,305,484 ÷ 2 = 1,652,742
1,652,742 ÷ 2 = 826,371

Sasa tuna namba witiri, kwa hiyo 2 imekwisha. Sababu ya kumaliza namba tasa moja kabla ya kwenda nyingine ni kwamba ukiiacha 2 moja ndani, itakuja kujificha ndani ya kigawo kikubwa baadaye, nawe utakiita kigawo hicho tasa.

Jumla ya tarakimu za 826,371 ni 27, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, na hata kwa 9:

826,371 ÷ 3 = 275,457
275,457 ÷ 3 = 91,819

Jumla ya tarakimu za 91,819 ni 28. Hiyo haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 3 nayo imekwisha, na kipeo chake ni 2.

Onyo kuhusu 27

Hapa ndipo nusu ya darasa huanguka. Jumla ya tarakimu za namba ya kwanza, 3,305,484, ni 27 pia, na mwanafunzi anasema: kama kanuni ya jumla inafanya kazi kwa 3 na kwa 9, kwa nini isifanye kwa 27?

Kanuni hiyo inafanya kazi kwa 9 kwa sababu 10 ukiigawa kwa 9 inabaki 1, 100 inabaki 1, 1,000 inabaki 1, na kuendelea hivyo hivyo bila kikomo. Kila tarakimu, popote ilipokaa, inachangia baki iliyo sawa na yenyewe, ndiyo maana kuzijumlisha kunatosha. Kwa 27 mambo ni tofauti: 10 inabaki 10, na 100 inabaki 19. Tarakimu 3 iliyokaa kwenye makumi inachangia 30, ambayo kwa bahati tu ina baki ya 3, lakini tarakimu 5 kwenye makumi inachangia 50, yaani baki ya 23, si 5. Kujumlisha tarakimu moja moja hakutuambii kitu.

Hata hivyo, 1,000 ukiigawa kwa 27 inabaki 1, kwa sababu 999 ni 27 mara 37. Kwa hiyo kanuni ya kweli ya 27 ni kujumlisha makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 484 + 305 + 3 = 792. Sasa 27 mara 29 ni 783, na inabaki 9. Namba yetu haigawanyiki kwa 27, na baki yake ni 9. Kipimo hicho hicho cha 792 kinapima na 37 bila kazi ya ziada: 37 mara 21 ni 777, inabaki 15, kwa hiyo 37 haimo.

Hatua ya 3: Pima 7, 11 na 13 kwa pigo moja

Tumebaki na 91,819. Wanafunzi huiogopa 7 kwa sababu haina kanuni nyepesi kama ya 3, nao huirukia 11 au huacha kabisa. Ipo njia moja inayozipima namba zote tatu kwa pamoja, nayo inatokana na ukweli kwamba 7 mara 11 mara 13 ni 1,001.

Kata namba katika makundi ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha badala ya kujumlisha, toa na ujumlishe kwa zamu. Kwa 91,819 makundi ni 819 na 91, na 819 − 91 = 728. Baki ya 728 kwa 7, kwa 11 au kwa 13 ni ileile ya 91,819. Tunapima:

728 = 7 × 104, kwa hiyo 7 imo.
728 = 11 × 66 + 2, kwa hiyo 11 haimo.
728 = 13 × 56, kwa hiyo 13 imo.

Inafanya kazi kwa sababu 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa 1, kwa hiyo kila kundi la pili linahesabiwa kama deni. Ukitaka kuthibitisha, fanya hivyo hivyo kwa namba ya mwanzo: 484 − 305 + 3 = 182, ambayo ni 7 mara 26 na pia 13 mara 14, lakini kwa 11 inabaki 6. Majibu yanakubaliana.

Sasa gawanya:

91,819 ÷ 7 = 13,117

Usiende kwa 13 kabla ya kuijaribu 7 mara ya pili. 117 − 13 = 104, na 104 ukiigawa kwa 7 inabaki 6. Basi 7 imekwisha, kipeo chake ni 1. Lakini 104 ni 13 mara 8, kwa hiyo:

13,117 ÷ 13 = 1,009

Hapa ndipo wale wa 13,117 walipoachia. Namba hiyo ina sura ya namba tasa: ni witiri, haiishii na 5, jumla ya tarakimu zake ni 13, na haimo katika jedwali lolote la kuzidisha tulilokariri. Sura si ushahidi. Hata 91, ambayo kila mara naiweka kwenye majaribio kwa makusudi, wengi huiita tasa ilhali ni 7 mara 13.

Hatua ya 4: Jua mahali pa kusimama, na kwa nini

Tumebaki na 1,009. Je, ni tasa? Hatuwezi kujibu kwa kuitazama, na wala hatuhitaji kuigawa kwa kila namba iliyo chini yake.

Vigawo huja wawili wawili. Fikiria kibarua wa mwalo wa Kirumba anayepanga magunia ya dagaa 1,009 kwa mistari iliyo sawa bila gunia kuzidi. Kama angeweza kuyapanga kwa mistari zaidi ya mmoja, basi ama idadi ya mistari au idadi ya magunia katika kila mstari ingekuwa ndogo, isiyozidi kipeuo cha pili cha 1,009. Haiwezekani zote mbili ziwe kubwa kuliko kipeuo hicho, kwa maana zao lake lingepita 1,009. Kwa hiyo inatosha kujaribu namba tasa ambazo mraba wake hauzidi namba iliyobaki.

31 mara 31 ni 961, bado iko chini ya 1,009. 37 mara 37 ni 1,369, imepita. Kwa hiyo mwisho wetu ni 31. Na kwa kuwa 2, 3 na 7 zimeshamalizwa, na 5 na 11 zilishagoma kwenye namba kubwa zaidi, tunaanzia 13:

1,009 = 13 × 77 + 8
1,009 = 17 × 59 + 6
1,009 = 19 × 53 + 2
1,009 = 23 × 43 + 20
1,009 = 29 × 34 + 23
1,009 = 31 × 32 + 17

Zote zimegoma. 1,009 ni namba tasa, na sasa tunaweza kusema hivyo kwa uhakika. Ziandike baki hizo sita kwenye daftari hata kama mwalimu hakuziomba, kwa sababu ndizo uthibitisho wenyewe. Anayeandika tu kwamba 1,009 ni tasa amebahatisha, hata kama amepatia.

Angalia pia akiba ya kazi iliyopatikana. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii alichukua kipeuo cha pili cha namba ya mwanzo, 1,818, akaanza kujaribu namba tasa zote mpaka hapo, ambazo ni zaidi ya 270. Alikuwa sahihi na angefika, ila mtihani ungekwisha kwanza. Mpaka wa kusimama hupimwa kwa namba iliyobaki mkononi, na hushuka kila unapofanikiwa kugawanya.

Hatua ya 5: Rudisha zao nyuma

Andika matokeo:

3,305,484 = 2² × 3² × 7 × 13 × 1,009

Kisha zidisha kurudi nyuma. 4 mara 9 ni 36, 7 mara 13 ni 91, 36 mara 91 ni 3,276. Kuzidisha 3,276 kwa 1,009 hakuhitaji kikokotoo: 3,276,000 ukijumlisha na 3,276 mara 9, ambayo ni 29,484, unapata 3,305,484.

Ukipata namba tofauti, usiendelee hata hatua moja. Kosa dogo hapa huzaliana katika kila jibu linalofuata, na hakuna mwalimu atakayekutafutia alama za njia ilhali njia yenyewe ilianza upande mwingine.

Hatua ya 6: Hesabu vigawo vyote

Kila kigawo cha namba hii hutengenezwa kwa kuchagua 2 ngapi, 3 ngapi, 7 ngapi, 13 ngapi na 1,009 ngapi zitumike. Kwa 2 una chaguo 3: usitumie, tumia moja, tumia mbili. Kwa 3 una chaguo 3. Kwa kila moja ya zilizobaki una chaguo 2. Kwa mama ntilie mwenye aina 3 za chakula na aina 3 za mboga hupati sahani 6 tofauti, unapata 9, kwa sababu kila chakula kinaweza kukutana na kila mboga. Ndivyo ilivyo hapa:

3 × 3 × 2 × 2 × 2 = 72

Anayejumlisha hupata 12. Njia nyepesi ya kuligundua kosa hilo ni kuanza kuorodhesha: 1, 2, 3, 4, 6, 7, 9, 12, 13, 14, 18, 21, 26. Hizo ni 13 tayari, nasi hatujafika hata 30.

Kwa kuwa vigawo huja wawili wawili na namba si mraba, vigawo 36 viko chini ya 1,818 na 36 viko juu yake. Jozi inayokaribiana kuliko zote ni 1,638 na 2,018. Zizidishe uone. Kama magunia ya dagaa yangekuwa 3,305,484 na ukataka kuyapanga katika mstatili unaokaribia mraba, hiyo ndiyo mipangilio yako.

Hatua ya 7: Jumla ya vigawo, na jina la namba

Hatutaorodhesha vigawo 72 na kuvijumlisha, kwa maana kwa kila kigawo tasa tunajumlisha vipeo vyake vyote kuanzia 1, kisha tunazidisha mabano:

(1 + 2 + 4) × (1 + 3 + 9) × (1 + 7) × (1 + 13) × (1 + 1,009)
= 7 × 13 × 8 × 14 × 1,010
= 10,293,920

Ukifungua mabano hayo utaona kila kigawo kinatokea mara moja tu, na hiyo ndiyo sababu njia inafanya kazi. Kosa la kawaida ni kusahau ile 1 ndani ya mabano. Kosa la pili ni kusahau kutoa namba yenyewe kabla ya kulinganisha:

10,293,920 − 3,305,484 = 6,988,436

Sasa linganisha. Vigawo vidogo vya namba, yaani vyote isipokuwa yenyewe, vikijumlishwa vikapungua chini ya namba, namba ni pungufu. Vikiwa sawa nayo, ni kamilifu, kama 6, 28, 496 na 8,128. Vikizidi, ni zidifu. Hapa vimezidi mara mbili na zaidi, kwa hiyo 3,305,484 ni namba zidifu.

Ipo njia ya mkato ambayo ingekupa jina hilo bila hesabu yote hiyo. Namba yoyote inayogawanyika kwa 6, ikiwa kubwa kuliko 6, ni zidifu, kwa sababu nusu yake, theluthi yake na moja ya sita yake ni vigawo vyake, na vikijumlishwa vinarudi kuwa namba yenyewe kamili: 1,652,742 + 1,101,828 + 550,914 = 3,305,484. Ukiongeza 1, ambayo nayo ni kigawo, umeshazidi. Iondolee namba yetu ile 36 na hali inageuka. Kwa 91,819, jumla ya vigawo vyote ni 8 × 14 × 1,010 = 113,120, ukitoa yenyewe unabaki na 21,301 tu. Hiyo ni pungufu, tena kwa mbali. Uzidifu wa namba hutegemea sana kuwamo kwa namba tasa ndogo. Zile kubwa kama 1,009 huchangia kidogo mno.

Hatua ya 8: Namba ngapi hazishirikiani nayo kigawo?

Swali hili huuliza: kuanzia 1 mpaka 3,305,484, ni namba ngapi ambazo kigawo chao kikubwa cha shirika na namba yetu, yaani KKS, ni 1? Fikiria kuchuja. Kwanza ondoa nusu, ambazo ni shufwa. Katika zilizobaki ondoa theluthi, kisha moja ya saba, kisha moja ya kumi na tatu, kisha moja ya 1,009:

3,305,484 inabaki 1,652,742
1,652,742 inabaki 1,101,828
1,101,828 inabaki 944,424
944,424 inabaki 871,776
871,776 inabaki 870,912

Jibu ni 870,912. Ishara ya mafanikio ni kwamba kila mgawanyo unatoka bila baki. Ukiona desimali popote katika mlolongo huu, rudi hatua ya 5. Vipeo havihusiki hapa: 2 hutumika mara moja tu hata kama imo mara mbili, kwa sababu namba shufwa ikishaondolewa haiwezi kuondolewa tena.

Hatua ya 9: Je, ni jumla ya miraba miwili?

Hatua hii haimo katika mitihani mingi, lakini naiweka kwa sababu inaonyesha vizuri nguvu ya vipeo. Namba huweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili ya namba nzima pale tu ambapo kila kigawo tasa kinachobakiza 3 kikigawanywa kwa 4 kina kipeo shufwa.

Pima vyetu. 13 inabakiza 1, na 1,009 inabakiza 1, hizo hazina neno. 3 inabakiza 3, lakini kipeo chake ni 2, imesalimika. 7 inabakiza 3 na kipeo chake ni 1. Hiyo 7 peke yake inatosha kuharibu, kwa hiyo usihangaike kutafuta miraba miwili ya kufikia 3,305,484, haipo.

Iondoe 7 nawe utaona tofauti. 3,305,484 ÷ 7 = 472,212, na 606 mara 606 ni 367,236, 324 mara 324 ni 104,976. Zijumlishe.

Makundi mengine yanayosomwa kwa haraka

Namba hii ina kigawo ambacho ni mraba, kwa mfano 4, 9 au 36, kwa hiyo haimo katika kundi la namba zisizo na mraba ndani yake. Haigawanyiki kwa jumla ya tarakimu zake, kwa kuwa jumla hiyo ni 27 na tumeshaona baki. Ukiiandika kwa tarakimu 0 na 1 pekee, kama kompyuta inavyofanya, inakuwa 1100100111000000001100, tarakimu 22. Sifuri mbili za mwisho ni zile 2 mbili tulizoziondoa katika hatua ya 2, na kama zako hazikuwa mbili, hesabu haikukaa sawa.

Zoezi la kujipima

Eneo la Ziwa Victoria hutajwa kwa kawaida kuwa kilomita za mraba 68,800, na uso wake uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Zote mbili ni takwimu zilizokadiriwa, kwa hiyo unachochambua ni namba iliyoandikwa, maana ziwa lenyewe halina vigawo.

Kwa 68,800 usidanganyike na sifuri mbili za mwisho ukaandika 100 × 688 na kuishia hapo. Ivunje mpaka mwisho nawe utapata 2⁶ × 5² × 43, vigawo 42, jumla ya vigawo vyote 173,228, na namba zisizoshirikiana nayo kigawo 26,880. Haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo njia ya mkato ya 6 haitumiki, lakini ukitoa utaona bado ni zidifu.

Kwa 1,134 sitakupa vigawo tasa. Vigawo vyote viwe 20, jumla yake iwe 2,904, na jibu la hatua ya 8 liwe 324, ambayo ni 18 mara 18. Ukipata vigawo 16 badala ya 20, umeiacha 3 moja ndani.